Ekari ya Nyasi

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Aliyeitunga methali hii hakuuliza ni nani aliyezipanda nyasi hizo. Huenda hakudhani kwamba nyasi hupandwa. Wala hawakudhani hivyo majirani wa mjane mmoja wa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, walipomwona akisia mbegu za raigrasi katika ekari iliyozoea kumpa viazi.

“Mama, wenzako wang'oa nyasi, wewe wazipanda?” kijana mmoja alimuuliza.

“Muulize ng'ombe wangu alikula nini Januari.”

Januari anga lilikuwa jeupe usiku kucha, na sakitu ikaibabua nyasi ya Kikuyu hadi ikawa rangi ya majivu. Nyasi hiyo, ingawa ni mzaliwa wa nyanda hizo za juu, hupenda joto. Raigrasi, mgeni kutoka Ulaya, hustawi katika nyuzijoto 15 hadi 24 na huistahimili sakitu. Kinachoishinda ni kiu; ndiyo sababu mama alingoja masika ya Aprili.

Alilima mara mbili, maana kipande kimoja cha shina la nyasi ya Kikuyu kikisalia ardhini huchipuka tena. Akalainisha udongo hadi ukawa tifutifu. Kilo moja ya raigrasi ina mbegu takriban nusu milioni, nyepesi mno kiganjani. Kwa hivyo alizichanganya kilo 10 na mchanga, nusu akaitawanya kwa urefu wa shamba, nusu kwa upana. Akaburura tawi la mti juu yake, kwani mbegu ikizidi sentimita moja chini huchelewa au hufa, kisha akaviringisha gogo ili udongo uikumbatie.

Udongo ukiwa na joto la wastani, mbegu huchomoza kwa wiki moja hivi. Wake ulikuwa baridi. Siku ya nane, hola! Sisimizi walipita wamebeba mbegu. Mwanawe alianza kuhesabu magunia ya viazi yasiyovunwa. Siku ya kumi na mbili mama aliinama, akatazama kuelekea jua la asubuhi: kijani chembamba, mfano wa ukungu.

Wiki ya nane ng'ombe alilia kambani. Mama alishika kishungi cha nyasi akavuta. Jani likikatika, malisho yako tayari. Mzizi ukifuata, ng'ombe atazing'oa. Mzizi ulifuata, na udongo wake. Akaushindilia chini kwa kisigino, akamrudisha ng'ombe zizini, kwenye mabua makavu aliyoyanunua kwa fedha za viazi vya msimu uliopita.