St Andrews: Kabla ya Tiketi, Elewaneni!

Washkaji tulikuwa wanane, wote wagonjwa wa gofu, na ndoto yetu moja: St Andrews, Scotland, ambako mwaka 1764 uwanja wa Old Course ulipunguzwa kutoka mashimo 22 hadi 18, idadi iliyokuja kufuatwa duniani kote. Kazi ya kupanga safari nikatwishwa mimi. Nilikiona cha moto!

Kwanza, tulichelewa kubuku, ikabaki kura. Inachezeshwa siku mbili kabla, na kundi halizidi watu wanne. Kwa hiyo sisi ni makundi mawili: moja linaweza kupata, jingine likakosa. Tukakubaliana mapema kabisa: watakaokosa wasinune, watacheza jirani, New Course, "mpya" ya mwaka 1895!

Pili, wake zetu. Wangu aliniuliza, "Baba Junior, hivi mimi nakwenda kukubebea mfuko?" Nikakosa jibu. Miezi sita napiga hesabu, na jina lake lilikuwa kwenye tiketi tu.

Dawa ikawa Jumapili. Siku hiyo kwa kawaida Old Course haichezwi. Watu hutembea humo na mbwa wao. Tukashikana mikono hadi kwenye kidaraja cha mawe cha Swilcan, upepo wa baharini ukitupiga, tukiongea kama enzi za uchumba.

Kundi langu lilikosa kura. Sikununa.

Nawe unayepanga, usisahau cheti cha hendikapu na koti la mvua. Ila kwanza muulize mwenzio: yeye anataka kuona nini?