Upanga Usiousikia Mkono

Neno "katana" likitamkwa katika pwani ya Kenya, mawazo hayaendi Japani. Upande wa Kilifi na Malindi, Katana ni mtu: pengine ni jirani, pengine ni mwalimu, pengine ni utingo wa matatu. Kwa mwanafunzi wa sarufi, neno hilo ni kitenzi -kata kilichonyambuliwa katika kauli ya kutendana, yaani huyu amkate yule na yule amkate huyu. Ndiyo sababu jioni moja kijijini Mkongani, mchezo wa video ulipofika mahali ambapo shujaa anakabidhiwa upanga uitwao Katana Giri, watoto waliosongamana mlangoni waliangua kicheko. "Katana Mgiriama!" mmoja wao alipaza sauti, na kijana aliyeshika rimoti akashindwa kuendelea kwa kucheka.

Mchezo wenyewe unaitwa Red Steel. Ulitolewa mwaka 2006 na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, wakati mmoja na mashine ya Wii ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Ni hadithi ya Mmarekani aliyemchumbia binti wa Kijapani, iliyotungwa na Wafaransa huko Paris, na hapana shaka hakuna hata mmoja wao aliyewafikiria Wagiriama. Scott Monroe anakwenda katika hoteli ya kifahari jijini Los Angeles kuonana na baba mkwe mtarajiwa. Kabla mazungumzo hayajaiva, watu wenye bunduki wanavamia. Binti anatekwa, mzee anapigwa risasi, na upanga wa ukoo unaangukia mikononi mwa mkwe. Neno "giri" kwa Kijapani lina maana ya wajibu, lile deni la heshima ambalo mtu hawezi kulikwepa mbele ya watu wake. Ukiondoa bunduki na lifti, kisa hicho kingeeleweka katika baraza lolote la Kwale: mtu alikwenda kuposa, mambo yakaharibika, akarudi na deni.

Mkongani iko Matuga, kandokando ya msitu wa Shimba, ambako serikali humlinda palahala, mnyama wa jamii ya swala ambaye nchini Kenya hupatikana hapo tu, na wakulima hujilinda wenyewe dhidi ya ndovu. Mashine ile ilifika huko kwa njia ambayo vitu vingi vya Ulaya hufika katika vijiji vya Kwale. Shemeji wa nyumba hiyo hufanya kazi katika hoteli moja ya Diani. Mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mfuko, na ndani yake mlikuwamo mashine, rimoti yake, kisahani kimoja cha mchezo, na nyaya tele. Kilichokosekana ni kile kifaa chembamba cha kuwekwa juu ya televisheni, ambacho bila hicho rimoti haijui inaelekezwa wapi.

Hapo pana jambo linalostahili kuelezwa kwa kituo. Watu wengi hudhani kwamba kifaa hicho ndicho kinachoitazama rimoti. Sivyo. Kifaa hicho hakitazami chochote. Ni taa tu, zilizopangwa katika ncha zake mbili, zinazotoa mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu. Jicho limo katika kichwa cha rimoti yenyewe. Linaziona nukta mbili za mwanga, na kwa umbali na mwinamo wa nukta hizo mashine hupiga hesabu ya mahali mkono unapoelekea. Sasa, moto nao hutoa mwanga wa aina hiyo hiyo. Kijana alikuwa amesikia habari hizi kwa rafiki yake wa Ukunda, akanunua mishumaa miwili dukani, akaisimamisha juu ya visosi mbele ya televisheni, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mama yake alipochungulia na kuiona ikiwaka hivyo, aliuliza ni nani anayezunguliwa. Lakini alama kwenye kioo ilitulia, na mchezo ukaanza.

Mwanzoni ulipendeza, na itakuwa dhuluma kuficha hilo. Katika michezo ya bunduki iliyozoeleka, kama ile inayochezwa kwa kulipia dakika katika vibanda vya mjini, mtu hulenga kwa kidole gumba. Hapa alilenga kwa mkono mzima. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha pili, kilichoungwa kwa waya, cha kutembeza miguu. Wa kulia ukawa bastola. Upepo ulipopita dirishani, ndimi za mishumaa ziliyumba na shabaha ikayumba pamoja nazo, watoto wakafurahi zaidi. Baada ya robo saa hivi kijana alianza kuusugua mkono wake. Bunduki ya plastiki haina uzito, lakini mkono ulionyooshwa unao.

Kisha ikaja zamu ya upanga. Adui mmoja alijitokeza bila bunduki, amefuta upanga wake, na mchezo ukamnyang'anya kijana bastola ili wapigane kwa haki. Upanga ulikuwa katika mkono wa kulia, na sime fupi ya kukingia katika wa kushoto. Kijana aliinua mkono, akaushusha kwa nguvu zake zote. Upanga wa kwenye kioo ulikawia kidogo, kisha ukakata, lakini haukukata kama alivyokata. Alijaribu kukata kwa mshazari; ukakata kwa ulalo. Alizungusha kiwiko taratibu, kama mtu anayemvizia mwenzake. Upanga haukusogea kabisa. Hatimaye aligundua siri, nayo ilimvunja moyo. Ilitosha kuitikisa rimoti ovyo, kama mtu anayefukuza nzi, na shujaa angepigana vizuri tu.

Sababu yake ni ya kiufundi. Rimoti ile ya mwaka 2006 ilikuwa na kipimo cha mshtuko na mwinamo. Ilijua kwamba imetikiswa, na takriban ni upande upi, lakini haikuwa na namna ya kufuata mzunguko wa kifundo cha mkono hatua kwa hatua. Kwa hiyo watunzi waliandaa mapigo machache tayari, na mtikisiko wa mchezaji ukawa kama ombi tu la kuchaguliwa mojawapo. Nintendo yenyewe iliuza kipande cha nyongeza mwaka 2009 kilichopima mzunguko huo, na Red Steel 2, ya mwaka 2010, haikuchezeka bila kipande hicho. Mkono ukasikilizwa zaidi. Ila kilichofika Mkongani ni ule mchezo wa kwanza.

Mjomba wa kijana huyo alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma yao, ametulia, akitazama. Ni mtu wa minazi. Kotama na panga ni sehemu ya mikono yake, na panga lake lina mpini uliozungushiwa vipande vya mpira wa baiskeli, mpini wa zamani sana kwa panga ambalo bado linakata. "Nimebloki!" alisema kijana. "Umekinga," alisema mjomba, bila kukusudia kumsahihisha. "Mjomba, hebu jaribu na wewe." Alikataa mara mbili, kisha akaipokea rimoti kwa mkono wa kulia, kushoto kukishika kiwiko, kama mtu anavyopokea kitu kwa heshima.

Pigo lake lilikuwa dogo. Mtu anayefyeka au kupasua madafu kutwa nzima hatumii bega. Huuacha uzito wa chuma ufanye kazi, naye huuelekeza kwa kifundo cha mkono. Ni pigo lililofunzwa na miaka, halina ziada. Mashine haikulitambua. Alipiga tena, vilevile, na shujaa akasimama kama gogo huku adui akimcharaza. Watoto wakampigia kelele atikise. Akatikisa, na shujaa akapigana.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu yao ya kukawia hapo. Lugha yetu imeweka tofauti kati ya upanga na panga: umbo la kwanza ni la vita na la tendi, na wingi wake ni panga, la pili ni la shamba, na wingi wake ni mapanga. Kati ya hayo yamo sime, jambia na kitara, na upanga una ala yake, na kuuchomoa humo ni kuufuta. Msamiati huo haukutungwa na watu wa kamusi. Ulitoka katika mikono iliyotofautisha kitu na kitu. Katika mchezo ule tofauti hizo zote zimekuwa kitu kimoja, kutikisa, na ni vigumu kumlaumu kijana anayesema "nimebloki" wakati hata mkono wake haukuulizwa ulifanya nini.

Pana mchezo mwingine wa kupigana, wa kale kuliko televisheni, unaofaa kulinganishwa na huu. Kaskazini huko Lamu, na Pemba vilevile, watu hucheza kirumbizi: wawili huingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zikilia, wakapigana mapigo na kukinga mbele ya watazamaji. Nao ni mchezo, na vita vyake ni vya kuigiza. Lakini mchezaji wa kirumbizi humtazama mwenzake machoni, kwa kuwa fimbo inayokuja inashikwa na mtu, na akikosea kidogo ataumia au ataumiza. Kauli ya kutendana imo ndani yake. Katika Red Steel hakuna -ana. Mchezaji anakata, anayekatwa huanguka, na baada ya muda mfupi hata mwili wake haupo.

Mjomba aliirudisha rimoti, akauliza swali ambalo kijana hakulitarajia. "Hawa wenye bunduki, walizitoa wapi?"

Halikuwa swali la mzaha. Mwaka 1997 mjomba alikuwa na miaka ishirini na mmoja, umri wa mpwa wake sasa. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni. Wengi wao walikwenda na mapanga, pinde na mishale. Waliua polisi, wakaondoka na bunduki. Katika siku na wiki zilizofuata, watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na sehemu za Kwale walishambuliwa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na takriban 100,000 wakahama makwao, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba. Wengi wa vijana walioingizwa katika kundi hilo walikuwa wa Kwale, na walilishwa viapo. Msitu wa Kaya Bombo ulitoa jina ambalo vita hivyo huitwa hadi leo. Askari nao walipoingia vijijini kuwasaka, hawakuwa na subira ya kupambanua nani ni nani. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikiliza ushahidi wa mambo hayo. Mjomba hakutoa ushahidi popote. Alilala porini siku kadhaa akiwakimbia wa pande zote mbili, akarudi.

Alichokieleza jioni ile kilikuwa kifupi. Jirani yao alikuwa fundi seremala, mtu wa bara, aliyekaa Mkongani miaka mingi na kukijua Kidigo. Siku moja mjomba aliazima panga lake kwenda kusafisha shamba. Alipokwenda kulirudisha, mlango ulikuwa wazi, fundi na familia yake wameondoka alfajiri bila kuaga, randa na misumeno imebaki. Hawakuonekana tena. Panga lile ndilo lenye mpini wa mpira.

Nyumba ilikuwa kimya, ila sauti ya mchezo. Hapana kijana aliyelelewa katika nyumba hiyo asiyelijua panga lile; lililala nyuma ya mlango siku zote. Kwamba lilikuwa la kuazima, mpwa alikuwa hajapata kuambiwa.

Waliotunga Red Steel, na hili ni la kuwasifu, waliweka humo kitu ambacho michezo mingi ya aina yake haina. Mchezaji anaweza kuipiga silaha mkononi mwa adui badala ya kumpiga adui. Na katika mapigano ya upanga, adui akishazidiwa, mchezaji huachiwa achague: ammalize, au amsamehe. Anayesamehe huongezewa heshima. Ni heshima inayohesabiwa kama mabao ya mpira, na kijana alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba inalipa. Hata hivyo, alipomshinda yule wa upanga, hakuharakisha. Mikono yake miwili ilitulia mapajani, na mtu wa kwenye kioo akangoja amepiga magoti.

"Msamehe," alisema mjomba.

Kijana akamsamehe. Mjomba alijivuta mbele kidogo kwenye mkeka, macho kwenye televisheni, akangoja.

"Sasa anakwenda wapi?"

"Haonyeshwi, mjomba. Sisi tunapita mlango wa pili."

Mshumaa wa kulia ulikuwa umebaki kipande. Mjomba aliuchomoa kwenye kisosi, akauwasha mwingine kwa moto wake, akausimamisha mahali pale pale.