Utatembea lini?

Najua nimeadimika. Wengi wenu mmetuma salamu kupitia kaka yangu, wengine mmekuja hadi wodini na machungwa na mtindi. Asanteni sana, machungwa yalikuwa mengi hadi wodi nzima imekula. Ila karibu kila aliyekuja aliniuliza swali lile lile kabla hata hajavuta kiti: "Sasa utatembea lini?"

Ngoja nilijibu mara moja ili tuendelee na mambo mengine. Madaktari hawatarajii kwamba nitatembea tena. Basi. Sasa vuta kiti nikueleze ninachofanya humu kutwa nzima, maana naona watu wanafikiri nimelala nasubiri miguu irudi.

Kwanza darasa dogo la baiolojia (mliokimbia sayansi kidato cha pili mtanivumilia). Uti wa mgongo ni pingili za mifupa zilizopangana: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, halafu zile zilizoungana kule chini. Ndani yake inapita kamba ya neva, unene wake kama kidole kidogo cha mkono. Hiyo ndiyo inayopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari juu. Bodaboda niliyopanda ilipogongwa na gari kwa nyuma, mimi niliumia kwenye pingili ya kumi ya kifua. Kwa hiyo mpaka wangu ni kitovu. Juu ya kitovu ni mimi yule yule mnayemjua, na mdomo wake. Chini ya kitovu, ukinichoma sindano sina habari.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la aina hii, wengi kwa ajali za barabarani na kuanguka. Sikuwahi kuandika hata aya moja kuwahusu.

Haya, siku yangu.

Siku yangu haianzi asubuhi. Inaanza saa nne usiku, mama anapotegesha simu yake ya tochi. Saa sita inalia, ananigeuza ubavu wa kushoto. Saa nane inalia, wa kulia. Saa kumi tena. Wauguzi wa zamu ni wachache na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo mama, ambaye ana miaka sitini na moja na magoti yanamuuma, ndiye mgeuzaji wangu. Nikimwambia, "Mama, leo pumzika," ananijibu, "Mimi nitapumzika ukishakuwa na ngozi nzima, mwanangu."

Kwa nini kila saa mbili? Wewe ukikaa vibaya unaumia, unajisogeza bila hata kufikiri. Mimi siumii. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, inakufa kimyakimya, na kidonda kinachotokea kinaweza kufika mfupani.

Asubuhi kazi ya kwanza ni ukaguzi. Nina kioo chenye mpini mrefu, najitazama visigino, nyonga na kifandugu. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Wekundu gani jamani kwenye ngozi kama yangu? Kwetu doa huwa jeusi zaidi, au lina rangi ya zambarau, na mara nyingi mkono unajua kabla ya jicho: mahali pana joto, au pamekuwa pagumu. Hilo nilifundishwa na nesi mmoja mtu mzima, na nalipa uzito kuliko mengi niliyosoma.

Kisha mkojo. Najua mnakula, lakini tumekubaliana tangu zamani kwamba hapa hatufichani. Kibofu hakiniambii tena kwamba kimejaa, saa ndiyo inaniambia. Kila baada ya saa nne hadi sita naosha mikono, naingiza mpira, namwaga, natoa. Ukipuuza, mkojo unaobaki unaleta maambukizi na mwishowe unaharibu figo. Haja kubwa nayo ina ratiba yake, kila siku saa ile ile baada ya chai. Nimefanya kazi ya kukimbizana na saa za mhariri miaka sita, sikujua nilikuwa kwenye mafunzo.

Saa nne ni chumba cha mazoezi. Mara ya kwanza waliponikalisha wima nilizimia, shinikizo la damu linashuka mwili ukiwa umelala muda mrefu. Ikabidi kitanda kiinuliwe kidogo kidogo, siku baada ya siku. Sasa nakaa. Najifunza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu kwa ubao laini, mikono ikibeba kazi yote. Nikishakaa, kila dakika chache nainama mbele au najiinua kwa viganja ili makalio yapate damu. Na nimepigwa marufuku kupakata kikombe cha chai ya moto, maana naweza kuungua nikiwa nacheka.

Siku moja shangazi alinikuta mguu wa kulia unaruka wenyewe kitandani. Alipiga kelele, "Haleluya!" wodi nzima ikageuka. Ikabidi nimweleze kwamba neva za chini bado zinafanya kazi zenyewe kwa zenyewe, ila hazipokei amri kutoka juu. Ni mkakamao wa misuli, si muujiza. Alikaa kimya, halafu akaninong'oneza, "Na mambo ya kuzaa je, mwanangu?" Shangazi na wengine wote mnaonong'ona: mwanamke mwenye jeraha hili anaweza kubeba mimba na kuzaa, kwa uangalizi wa karibu wa daktari. Mchumba ndiye sina, na hiyo haikusababishwa na bodaboda.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwenye chumba cha mazoezi tulikuwa na mzee mmoja wa Mkuranga, tukimwita Mzee Mnazi. Alikwea minazi tangu utoto wake, siku moja akaanguka. Mikono yake ilikuwa kama kamba za meli. Sisi vijana tulihangaika na ubao, yeye alihama kitandani hadi kwenye kiti kama mtu anayehama mkeka. Kila asubuhi: "Shikamoo mzee." "Marahaba mjukuu, leo unakwea au unaning'inia?" Aliruhusiwa kabla yangu, ngozi safi, anajua kila kitu. Tulimpigia makofi.

Wiki saba baadaye alirudishwa na kidonda mgongoni ambacho sitakieleza. Kwao ni mchanga, wapendwa. Mchanga mtupu kutoka kitandani hadi barabarani. Magurudumu membamba ya kile kiti yalizama siku ya kwanza, kiti kikawekwa pembeni kikawa cha kuanikia nguo. Yeye akabaki chali kwenye kitanda cha kamba, mkewe shambani, wajukuu shuleni, nani amgeuze kila saa mbili? Alifariki siku ya tisa. Alijua kuhama kuliko sisi wote, lakini hakuwa na pa kuhamia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtu aliyepooza kwa kuvunjika mgongo alihesabiwa kama marehemu mtarajiwa. Wengi walikufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alipewa kitengo cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunga neva, na mpaka leo haijapatikana. Alichofanya ni kusisitiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, wafanye mazoezi, wapewe kazi. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, majeruhi 16 walishindana pale kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti. Ndiyo mbegu ya Paralimpiki.

Kwa hiyo kinachookoa maisha kimejulikana kwa miaka zaidi ya sabini: mikono ya kugeuza, mpira wa mkojo, kiti kinachofaa na mahali kiti kinapopita. Mzee Mnazi alikosa hicho cha mwisho.

Mimi natoka mwezi ujao. Kaka alienda na futi kupima chumba ninachopanga Tabata. Kiti changu kina upana wa sentimita 64. Mlango wa chumba ni 75, sawa. Mlango wa choo ni 60, na choo chenyewe ni cha kuchuchumaa, tunachangia wapangaji watano. Kuna ngazi mbili uani. Mwenye nyumba amesema atafikiria. Ofisini wamesema kazi yangu ipo, ila chumba cha habari kiko ghorofa ya tatu na lifti imekufa tangu nikiwa natembea. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inazungumzia haki ya kufika na kuingia majengoni. Nimeisoma nikiwa nimelala ubavu wa kushoto. Imeandikwa vizuri.

Nampa mhariri pendekezo moja: nitaandika nikiwa nyumbani, na habari yangu ya kwanza ni wagonjwa waliotoka wodi hii, nani yuko wapi, na nani anawageuza. Kaka naye ameshatoboa kiti cha plastiki katikati kwa ajili ya choo, anajivunia kama amejenga daraja. Kuhusu mlango, bado tunabishana na mwenye nyumba.

Mkija tena kuniona, karibuni, ila machungwa yametosha. Leteni pedi za mkojo na glavu. Anayeweza, aje usiku mmoja ashike zamu ya saa nane, mama alale. Na ukirudi nyumbani kwako, chukua futi upime mlango wa choo. Nitakuuliza umepata ngapi.

Alamsiki.