Safari Haijesha Mpaka Mashine Ioshwe

Wengi wetu wa pwani huhesabu kuwa safari imekwisha chombo kinapogusa mchanga. Marehemu baba, aliyevua umri wake wote katika bahari ya Tanga, hakuikubali hesabu hiyo. Kwake yeye, aliyefika pwani alikuwa bado na deni.

Enzi zake deni lililipwa kwenye mbao. Dau lilipwelezwa, tumbo likababuliwa kwa moto wa makuti kuua wadudu watoboao mbao, mianya ikatiwa kalafati ya pamba, kisha likapakwa deheni ya chokaa na mafuta. Sisi wanawe tuna boti ya faiba yenye mashine ya petroli. Faiba haitobolewi, lakini adui amehamia ndani ya mashine, naye ni chumvi.

Mashine hupozwa kwa maji yaleyale ya bahari. Ikizimwa, yanayobaki katika njia zake nyembamba hukauka na chumvi ikaganda, hata njia zikaziba na mashine ikachemka na kuzima, pengine mkondoni, usiku unaingia. Kwa hiyo kila turudipo huitia katika pipa la maji baridi, yakafunika matundu yake ya kuvutia maji, tukaiwasha bila gia kwa dakika 10 hivi. Haiwashwi pakavu kamwe, kwani mpira wa pampu yake huungua upesi. Maji ya kisima huyaonja kwanza. Kuosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure.

Kisha hukagua rafadha. Mshipi ukijizungusha kwenye mhimili wake hukata mpira wa kuzuia maji, na oili ya gia ikawa nyeupe kama maziwa. Hukagua pia kipande cha zinki, ambacho huliwa na bahari badala ya mashine. Kikibaki nusu, hubadilishwa.

Boti yetu ni ya ndugu watatu, kwa zamu. Anayeiosha leo siye atakayekwenda nayo kesho, na uvivu wa mmoja hulipwa na mwingine aliye mbali na nchi kavu. Kazi hiyo ya magharibi, isiyoonwa na yeyote ila Mola, ni amana baina yetu.

Mwaka huu mtoto wa ndugu yangu ameanza kwenda baharini. Mama yake haulizi tumepata samaki wangapi. Huuliza kama mashine imeoshwa.