Mlezi Asiyejibu

Wazazi wenzetu, hapa Bukavu tuna mioyo miwili juu ya televisheni. Jioni mama akisonga ugali, mtoto wa miaka miwili hutulia mbele yake, wala hakaribii makaa. Twashukuru. Tena twafurahi kumsikia akihesabu kwa Kifaransa. Lakini nyanya yake akimwita kwa Kimashi, hageuki. Hapo furaha yetu huingia hofu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya televisheni. Wa miaka miwili hadi minne asipitishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Akiwa ameketi, yafaa mlezi wake amsomee au amsimulie hadithi.

Nasi twaona hivyo. Televisheni husema, haisikii. Mtoto akiiuliza, haimjibu. Hatusemi itupwe. Iwashwe kidogo, chakula kikiiva izimwe, mtoto apelekwe kwa nyanya. Nyimbo za televisheni zitarudi kesho. Sauti ya nyanya hatutakuwa nayo siku zote.