Kamuulize Bibi Yako Kwanza

Asubuhi ya leo ukungu umefunika Chepseon yote, hata majani chai ya ng'ambo ya barabara siyaoni. Kabla hujaingia kazini, nipe dakika tatu. Nataka kutubu mbele yako.

Nilipokuwa nasomea utalii, kabla sijaitwa kwenye huduma, nilienda Bomas of Kenya kwa mafunzo ya kazi. Wengi wenu mnapajua, pale Lang'ata, Nairobi. Palianzishwa mwaka wa 1971, na palikuwa na maboma ya jamii mbalimbali yaliyojengwa kama ya zamani. Mimi nilipewa boma la Wakalenjin. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wageni habari za nyumba, mursik, na dini ya wazee wetu.

Nilikuwa nimeokoka miezi minne tu, moto unawaka! Siku moja mgeni akaniuliza, "Hawa walimwabudu nani?" Nikajibu haraka, "Waliabudu jua. Walikuwa gizani kabisa." Nikarudi kwenye kibuyu cha mursik.

Mzee mmoja akasubiri hadi wageni wakatawanyika. Akanisalimu kwa Kikipsigis, akaniuliza kama bibi yangu yu hai. Nikasema ndiyo. "Basi kamuulize hayo uliyowaambia watu." Hakuongeza neno.

Mwisho wa mwezi nikafika nyumbani. "Kogo, zamani mliabudu jua?" Kogo akacheka mpaka akafuta machozi. "Tulitazama linakotokea. Tuliyemwomba ni Asis." Akanieleza mabwaita, yale matawi yaliyosimamishwa nje ya nyumba upande wa mashariki, familia ilipobarikiwa. Akanieleza kapkoros, mahali watu walipokusanyika kutoa sadaka. Ndiyo, Kapkoros, jina lile lile la kiwanda cha majani chai kule Bomet!

Kisha akanyamaza kidogo. "Nilijua Mungu yuko. Yesu ndiye sikuwa nimeambiwa. Siku nilipoambiwa, hawakunifundisha kuamka alfajiri. Nilikuwa nimeshaamka."

Mpendwa, nililia. Ni huyo Kogo aliyeniombea nikaokoka, nami nilikuwa nimemchafua mbele ya wageni. Nilirudi Bomas nikaeleza ukweli kwa wiki zilizobaki. Lakini wale wa kwanza walishaondoka na uongo wangu, na sikuwa na njia ya kuwafuata.

Usinielewe vibaya. Yesu ndiye njia, na hilo silipunguzi. Lakini soma Matendo 17:23. Paulo alipofika Athene alitembea kwanza, akatazama madhabahu zao, ndipo akahubiri. Na Kutoka 20:16 haisemi kwamba ukimshuhudia uongo mtu wa dini nyingine si dhambi.

Huko Massachusetts, Marekani, kuna kijiji cha makumbusho kiitwacho Hancock Shaker Village. Shaker walikuwa Wakristo waliotoka Uingereza mwaka wa 1774 wakiongozwa na mama aitwaye Ann Lee. Walitetemeka na kucheza katika ibada, na hawakuoa. Leo wamebaki wachache mno, kwa hiyo watu wasio wa imani hiyo ndio wanaowaeleza wageni. Sasa fikiria mtu akieleza kunena kwetu kwa lugha huku akicheka. Ungejisikiaje?

Basi wiki hii, kabla hujasema "wale" wanaamini hivi na vile, iwe ni Mkatoliki, Mwislamu wa dukani au Mkorino wa jirani, kaa naye. Muulize. Kisha mwambie habari za Yesu bila kumsingizia. Na kama una Kogo aliye hai, mpigie simu leo.

Tuombe: Baba, safisha midomo yetu. Utusamehe tuliyosema juu ya watu ambao hatukuwauliza. Tupe ushuhuda wa kweli, katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA.