Breki Iliyohamia Mkononi

Kijana anayeuza spea za pikipiki senta ya Mungaa, mkoani Singida, alimwambia mteja mwenye goti la kulia lisilokunjika kwamba pikipiki haimfai, atafute bajaji. Alisema kwa adabu, tena kwa huruma. Hakujua kwamba jirani na hapo anapopanga matairi yake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, palikuwa na banda ambamo mtu mwenye shida kama hiyo alitengenezewa breki ya mkono, akaendesha pikipiki miaka na miaka. Na hakujua jambo jingine, zito zaidi: hata breki ya bajaji hukanyagwa kwa mguu wa kulia.

Banda lilikuwa la mzee mmoja fundi baiskeli, na harufu yake ilikupokea kabla hujaliona. Umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo mzee alichomelea kwa gesi ya kabaidi: mawe ya kijivu yanatiwa kwenye mtungi, yanamwagiwa maji, na gesi inatoka ikinuka kitunguu saumu kilichooza. Watoto wa shule walipita wameziba pua, mwandishi wa makala haya akiwemo, na bado walisimama kutazama hadi kengele ilipolia. Fremu za Swala na Phoenix zilining'inia kwenye boriti kama nyama buchani. Nati zilipangwa kwa saizi ndani ya makopo ya Blue Band, na ole wake aliyerudisha ya kumi na tatu kwenye kopo la kumi na nne. Mzee hakupenda nyundo. Nati ikikataa kufunguka, aliipaka mafuta ya taa, akaiacha, akaenda kunywa uji, akarudi. Vijana waliojifunza kwake waliona ni uzembe. Haukuwa uzembe, hakuna baiskeli iliyotoka pale ikiwa na uzi wa nati uliokufa.

Mwalimu aliyemfuata mzee huyo alikuwa amepooza mguu wa kulia kwa polio utotoni, kama ilivyowapata wengi wa rika lake. Alinunua Honda 90 kutoka kwa bwana shamba aliyekuwa anahama. Mguu ule aliweza kuupandisha na kuutuliza mahali pake, lakini hakuweza kuusukuma chini. Akawa anatumia breki ya mbele peke yake. Kwenye lami huenda angefika mbali, maana ukifunga breki uzito hukimbilia mbele na gurudumu la mbele ndilo hufanya kazi kubwa. Mungaa ni kichanga. Gurudumu la mbele likijifunga mchangani huteleza, na dereva yuko chini kabla hajajua. Mwalimu aliangukia mteremkoni, penye mchanga uliokusanyika kati ya majabali, akashonwa kidevu Makiungu, hospitali ya masista iliyopo tangu miaka ya 1950.

Ilikuwa lini hasa? Kadi ya pikipiki inaonyesha ilibadilishwa jina 1992. Binti wa mwalimu anashikilia ni 1993, kwa kuwa ndio mwaka aliozaliwa mdogo wake. Iwe huo au ule, uwele ulikuwa umeshavunwa.

"Mwalimu, huo mguu tuuache upumzike," mzee alisema baada ya salamu, akaizunguka Honda bila kuigusa. Jaribio la kwanza lilikuwa bomba la fremu ya baiskeli, lililochomelewa kwenye pedeli ya breki na kupandishwa hadi usawa wa paja. Lilifunga vizuri, ila lilimlazimu mwalimu aachie usukani kila anapotaka kusimama, tena mkono wa kulia, wenye moto na breki ya mbele. Mzee alilikata siku hiyohiyo.

Ndipo akaona kitu ambacho wengi waliomiliki Honda ile hawakukifikiria: mkono wa kushoto wa dereva hauna kazi. Pikipiki za aina hiyo, kizazi cha Super Cub iliyotoka Japani 1958, hazina leva ya klachi. Klachi hujishika yenyewe. Kampuni ilitaka mpeleka chakula wa mjini aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba sinia. Mzee wa Mungaa aliuchukua mkono huo uliobaki akaupa breki ya nyuma.

Elimu yake ilitoka kwenye Phoenix. Baiskeli hiyo haina waya. Breki zake ni vyuma vinavyovutana kutoka kwenye usukani, vinapinda kona kwa viungo vidogo hadi gurudumu la nyuma. Aliyezirekebisha maisha yake yote anajua nguvu inapotelea wapi. Alifunga leva upande wa kushoto, akapitisha waya hadi kwenye mkono mdogo wa chuma unaofungua brekishuu ndani ya ngoma ya nyuma. Vidole havina nguvu za mguu, kwa hiyo akaurefusha mkono ule. Akauzidisha: leva ikagusa usukani kabla breki haijakamata. Akaukata, akauchomelea upya, akaukata tena. Alipotosheka alifunga gunia la uwele kwenye keria, akamwambia mwalimu ateremke polepole, yeye akimfuata kwa miguu.

Karibu wakati huohuo, mwaka 1992, Mick Doohan wa Australia, dereva wa mbio za pikipiki, alivunjika vibaya mguu wa kulia huko Assen, Uholanzi. Alirudi mashindanoni na breki ya nyuma inayosukumwa kwa dole gumba la kushoto, akatwaa ubingwa wa dunia mfululizo kuanzia 1994 hadi 1998. Uhandisi wake uliandikwa magazetini. Ule wa Mungaa haukuandikwa popote, na mzee alipofariki, makopo ya nati yaligawanywa na banda likabomolewa kupisha fremu za maduka.

Miaka iliyofuata ilikimbia. Zikaja pikipiki za SanLG, kisha Boxer na TVS, bodaboda ikawa ajira ya vijana. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukaleta umeme na mashine za kuchomelea kila senta. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Juni 2017, madereva wa bajaji wenye ulemavu walioandamana katikati ya Dar es Salaam wakatawanywa kwa nguvu na polisi. Halmashauri zikatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu.

Lakini bajaji inakabidhiwa kwa hotuba na picha, na pedeli iko palepale chini. Imerithiwa kutoka Vespa, ambayo Bajaj ya India iliwahi kuiunda kwa leseni ya Piaggio: gia na klachi mkononi, breki mguuni. Asiyeweza kukanyaga anaachwa atafute mchomeleaji mwenyewe. Wengi huwekewa bomba lililochomelewa juujuu kwenye pedeli, na chuma hicho kikiachia mteremkoni hakuna cha pili. Hili linaudhi, kwa sababu kazi bora ilishafanyika hapahapa.

Kwa anayetaka pikipiki, Boxer ni ngumu kidogo kubadilisha kuliko Honda ya mwalimu, maana mkono wake wa kushoto tayari umeshika klachi. Leva ya pili hukaa chini ya ile ya kwanza, au hufungwa ya dole gumba kama ya Doohan. Ila breki yake ya nyuma bado ni ya ngoma. Waya unafika, na mkono wa chuma unarefushika.